Nilivyojizeesha kwa Pesa za Wazee

Jumatatu, 6 Oktoba

Ndolo ana kofia mpya. Ya kahawia, yenye utepe. Amepita mbele ya boma langu mara tatu asubuhi hii, na huko anakoelekea hakuna njia. Kunaishia kwa mbuzi wake. Mara ya tatu akasimama, akaivua, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akaniambia hiyo ni serikali. Yaani serikali ndiyo imemvika! Pesa za wazee, shilingi elfu mbili kila mwezi, kwa kazi ya kufikisha miaka sabini na kuendelea kupumua.

Mimi nimekuwa utingo wa lori miaka thelathini. Nimelala juu ya saruji kutoka Kasikeu hadi Mariakani, jua likinikaanga upande mmoja halafu mwingine. Hakuna aliyenipa hata kitambaa cha kichwa. Ndolo alifanya nini? Alitangulia kuzaliwa. Basi!

Kitambulisho changu kinasema 1961. Nina miaka sitini na minne. Serikali haitanijua mpaka 2031. Miaka sita ya kuitazama kofia ya Ndolo.

Jioni Muindi, naibu wa chifu wetu, amepita akitangaza kwamba Alhamisi kutakuwa na baraza sokoni Matinyani. Wanaandikisha wazee wapya. Kila mtu aje na kitambulisho na shahidi. Nilimuuliza kwa upole kama mtu anaweza kuandikishwa akiwa mzee wa roho. Akasema fomu haina sehemu ya roho.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata! Imenijia nikiwa shambani, nikipanda ndengu katika udongo mkavu kungojea mvua.

Mama zetu hawakujua kalenda. Walijua njaa. Ukimuuliza mama mtoto wake alizaliwa lini, alikutajia njaa, na karani ndiye aliyeigeuza ikawa mwaka. Mimi nilizaliwa njaa ya ndege, ile ya 1961, chakula kilipodondoshwa kutoka angani. Mama aliniambia mara nyingi kwamba nilikuwa mgongoni mwake gunia la kwanza lilipoanguka, na kwamba nililia kwa hofu ilhali wengine wakishangilia.

Lakini kabla ya njaa ya ndege kulikuwa na njaa ya makonge! Watu walikuwa wakiuza makonge ili wapate unga. Hiyo ni mwaka wa 1950 hivi. Sasa, je, karani wa kitambulisho alichanganya? Karani mwenyewe alitoka mbali, Kikamba hajui, foleni ndefu, jua kali. Angeweza! Na kama angeweza, labda alifanya. Basi mimi ni wa makonge. Nina miaka sabini na mitano! Serikali imekuwa ikinidhulumu miaka mitano bila kujua. Nimeanza hata kuihurumia.

Nimemweleza Rahab, mke wangu. Rahab ni wa Murang'a. Wazazi wake walifungua duka Emali na hapo ndipo lori letu lilipoharibika, nami nikaharibikiwa naye. Miaka thelathini na minane amekaa Ukambani na bado mambo yetu anayatazama kama mtu aliyeshuka kununua maji ya kunywa. Akasema, "Baba Mbinya, njia ya mwongo ni fupi." Nikamwambia sidanganyi. Nachagua tu njaa.

Jumatano, 8 Oktoba

Shahidi ni dada yangu Nthenya. Nani mwingine? Ana miaka sabini na miwili, kijiji kizima kinamheshimu, na hajawahi kusema uongo. Hicho ndicho ninachohitaji.

Nimevuka korongo kwenda kwake saa nne. Anaishi peke yake tangu mumewe afariki. Nimemkuta mlangoni akisuka kiondo, vidole vinakwenda hata asipoviangalia. Akanitengenezea chai. Akaweka sukari vijiko vitatu bila kuuliza. Akaniambia sukari hiyo ni yake mwenyewe, ya pesa za wazee, pamoja na dawa za presha na sadaka ya kanisa ambayo sasa anaitoa kwa mkono wake. "Hii pesa si mingi," akasema. "Lakini nikiamka asubuhi sifikirii leo nitaomba nani." Akasema serikali ni kama mtoto aliye Nairobi. Inachelewa, lakini mwishowe inatuma.

Nikamwomba aje kesho aseme neno moja tu, kwamba nilizaliwa wakati wa njaa. Akauliza njaa gani. Nikasema njaa ni njaa, na hao watu wa ofisi wana haraka. Akasema yeye hadanganyi. Nikamwambia hatadanganya hata kidogo. Si nilizaliwa wakati wa njaa? Akakubali kwamba nilizaliwa wakati wa njaa.

Maandalizi mengine. Sijanyoa tangu Jumatatu. Nimepata fimbo. Nimefanya mazoezi ya kuinuka kwenye kiti kwa awamu nne, na kati ya ya pili na ya tatu nakohoa. Rahab ametazama yote akauliza ni awamu ya ngapi ambayo hupasua kuni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Baraza! Watu wengi kuliko siku ya kura. Muindi alivaa sare. Kutoka Kitui alikuja binti wa ofisi ya pesa za wazee anayeitwa Yvonne, na kishikwambi cha kuandikia, sauti ya upole na macho ambayo hayasahau.

Nilipoitwa niliinuka kwa awamu tano. Nikatoa kitambulisho, nikaeleza kosa la karani. Yvonne hakucheka. Akauliza kuhusu shahidi. Nthenya akasimama, akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwa wauza maembe, "Huyu alizaliwa wakati wa njaa. Hiyo ni kweli ya Mungu." Akakaa. Halafu akaaga, mbuzi wake walikuwa hawajanywa maji. Mambo yakawa yananyooka. Yvonne alikuwa tayari anaandika!

Ndipo Ndolo akanyoosha mkono.

Akasema anamheshimu sana Kilonzo, yaani mimi. (Mtu akianza hivyo jua umekwisha.) Lakini yeye mwenyewe, kwa macho yake, alimwona Nthenya akiwa msichana wa miaka minane akimbeba Kilonzo mgongoni, na Kilonzo akimkojolea. Kama Kilonzo ana miaka sabini na mitano, basi Nthenya ana themanini na mitatu, na kitambulisho cha Nthenya kinasema 1953. Sasa nani alimbeba nani?

Soko lote lilicheka. Yvonne akaniangalia. Naapa sikupanga lililofuata. Mdomo wangu ulikwenda wenyewe, kama lori lisilo na breki pale Kasikeu. Nikasema kwamba miaka yetu ilibadilishana. Mama alitupeleka siku moja, karani akaandika mwaka wangu kwenye karatasi ya dada na wa dada kwenye yangu. Mimi ndiye wa 1953. Njaa ya makonge ikaachwa hapo hapo, maskini, bila hata kwaheri. Na kuhusu kubebwa, nikasema Ndolo aliona vibaya, mimi ndiye niliyembeba Nthenya.

Yvonne akauliza kama nina hakika. Nikasema kabisa! Akaniuliza tena, taratibu. Nikasema mara mbili zaidi. Akaandika yote, akanisomea, nikaweka sahihi na kidole gumba. Miaka sabini na miwili! Nimeshusha mitatu lakini bado nimepita mstari.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimebeba fimbo begani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepima kichwa changu kwa kamba. Ni kikubwa kuliko cha Ndolo kwa nusu kidole. Kofia yangu itakuwa nyeusi.

Jumanne, 28 Oktoba

Sitaki kuandika leo lakini nitaandika.

Wazee wamekwenda kuchukua pesa zao. Mimi nilikuwa uani nikisikiliza simu, huenda nikaitwa. Saa nane Nthenya akapita akitoka Kitui, kwa miguu kutoka barabarani. Uso umekauka. Akakaa kwenye kiti changu, akanywa maji vikombe viwili, akasema jina lake halimo. Wamemwonyesha. Jina lake lina alama. Limesimamishwa hadi uchunguzi uishe, kwa sababu kuna mtu ameandikisha kwamba yeye alizaliwa 1961.



Sikulifikiria! Naandika hapa mbele ya Mungu, sikulifikiria hata kidogo. Kama mimi ni wa 1953 na tumebadilishana, basi yeye ni wa 1961, na mtu wa 1961 hapewi. Nilijipandisha ngazi nikasahau kwamba ngazi yenyewe ilikuwa imeegemea kwake.

Nthenya akauliza ni nani angesema neno kama hilo. Akanitazama. Huu ndio ulikuwa wakati wa kusema. Mtu yeyote mwenye mdomo angesema. Mimi nikasema maofisi ya siku hizi yana vurugu nyingi sana.

Akasema ndiyo, yana vurugu. Akashika njia ya kwake.

Jumatano, 29 Oktoba

Mpango wa kurekebisha bila aibu. Nimekwenda Kitui kwa boda boda, nikampata Yvonne ofisini. Nikamwambia nimekuja kuuliza kwa niaba ya rafiki. Akaniita kwa majina yangu yote mawili, Gedion Kilonzo, akaniambia nikae.

Nikamweleza kwamba labda sote wawili tulizaliwa 1953. Mapacha. Akauliza kwa nini baraza zima halikujua kwamba sisi ni mapacha. Nikasema tulikuwa tunaishi mbali mbali. Akauliza tukiwa na umri gani. Hapo nikakohoa, lakini kile kikohozi cha mazoezi hakina nguvu kukiwa na feni.

Yvonne akafunga kishikwambi. Akasema mambo mawili tu yanaweza kumsaidia dada yangu. Nilete karatasi ya zamani inayoonyesha mwaka wake, au nisimame mbele ya baraza lile lile niondoe maneno yangu. Hawezi kuyafuta yeye. Akasema kila mwezi mtu anamlilia kwamba ameachwa, na kwamba akiandika uongo wa mmoja anamfungia mlango mwingine. "Mzee, kuna watu wana sabini kabisa na hawajapata," akasema. Aliniita mzee. Ni mara ya kwanza kuitwa hivyo na ofisi. Haikunipa furaha niliyoitarajia.

Ijumaa, 31 Oktoba

Karatasi ya zamani! Kanisa letu lina kitabu cha ubatizo. Nikamshawishi mchungaji anifungulie kabati, nikasema nafanya utafiti wa historia ya injili Matinyani. Akafurahi mno. Akanipa kiti na chai na hadithi ya saa nzima kuhusu wamishonari. Kisha tukafungua. Mchwa! Wamekula kuanzia 1948 hadi 1959, wakaacha jalada. Mchungaji akaniombea nipate nguvu ya kuendelea na utafiti.

Jioni mbaya zaidi.

Nthenya amekuja akiwa na mkebe. Dada yangu! Mwanamke aliyekataa hata unga wa msaada mumewe alipokufa, akasema wapewe wenye watoto wadogo. Amesimama mlangoni, mkebe mtupu mkononi, akaomba sukari kidogo. Alisema "kidogo" mara mbili. Akaniangalia mimi, si Rahab, akangoja.

Nikakimbilia jikoni. Nikajaza mkebe mpaka juu, sukari ikamwagika kidole kizima sakafuni. Nikamwambia achukue na majani ya chai. Nikamwambia achukue na chumvi. Nilikuwa tayari kumpa jiko lenyewe.

Alipoondoka Rahab akazoa sukari sakafuni. Halafu akasema amesikia kila kitu kisimani, tangu juzi. Akasema kwao mtu akimwibia jirani wanamwita mwizi, lakini aliyemwibia dada aliyembeba mgongoni bado hawajampatia jina. Nikasema nitarekebisha. Akauliza lini. Nikasema nangojea wakati mzuri. Akaenda kulala chumba cha Mbinya, binti yetu, ambacho kina magunia.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisani. Niliamua kuungama. Wakati wa shuhuda nilisimama nikiwa nimeshikilia benchi. Nikasema mimi ni mwenye dhambi. Wakasema Bwana asifiwe. Nikasema nimemkosea mtu. Wakasema amina. Mchungaji akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema kwa jumla, nimekosea kwa jumla. Nikaketi. Ndolo akasema amina kubwa kuliko zote, na akageuka kunitazama.

Ndipo nikaona kiti cha Nthenya kiko wazi. Hakosi kanisa. Hata mwaka ule wa kipindupindu hakukosa.

Tulikwenda kwake na Ndolo, tukamkuta ameketi chini kando ya kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kichwa kilikuwa kinamzunguka. Alikuwa bado anataka kuja kanisani. Ndolo akaita boda boda ya kumpeleka zahanati, akalipa kwenda na kurudi kabla sijaingiza mkono mfukoni. Pesa zake zilitoka wapi? Pesa za wazee. Niliona noti ile ikitoka kwenye mfuko wa shati lake na nikatamani kuingia chini ya kitanda.

Jumatatu, 3 Novemba

Zahanati. Presha ilikuwa juu sana, sasa imeteremka. Muuguzi akauliza kuhusu dawa. Nthenya akasema anameza. Muuguzi akauliza kila siku? Nthenya akasema siku moja anameza, siku moja anaruka, ili zifike Krismasi.

Nimekaa nje kwenye benchi kwa saa tatu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na mizigo, na haonyeshi dalili ya kuondoka.

Nimewaza mambo ambayo siwazi kwa kawaida. Zamani mtu akizeeka alikuwa na watoto, na ndugu, na ukoo. Ukoo ndio ulikuwa serikali. Sasa watoto wa Nthenya mmoja ni marehemu na mwingine hajulikani yuko wapi tangu aende kutafuta kazi. Ndugu aliye karibu ni mmoja, hatua mia tatu, ng'ambo ya korongo. Ndugu huyo hajawahi kumnunulia hata kidonge kimoja. Serikali, ambayo haimjui dada yangu, haijawahi kubebwa na yeye wala kumkojolea, ndiyo iliyokuwa ikimnunulia dawa. Nami nikamnyang'anya. Naona aibu. Naiandika hivyo hivyo. Naona aibu sana.

Nimemnunulia dawa za mwezi mmoja. Nilikuwa na akiba kidogo. Ya kofia.

Alhamisi, 6 Novemba

Baraza. Yvonne amekuja, Muindi amekuja, kila mtu amekuja, kwa sababu Rahab aliwatangazia. Nilikuwa nimenyoa. Fimbo niliiacha nyumbani. Niliinuka kwa awamu moja.

Nikasema. Nikasema nilizaliwa njaa ya ndege, 1961. Nikasema dada yangu ni wa 1953, na ndiye aliyenibeba, na hata ile ya kukojoa ni kweli. Hakuna karani aliyekosea. Nilidanganya kwa sababu ya kofia. Hapo wakacheka, nikangoja wamalize, na walichukua muda. Nikasema wanipige faini wanayotaka lakini jina la Nthenya lirudi. Sauti ilikatika katikati ya jina lake. Sikuipanga hiyo.

Yvonne akaandika yote, akanisomea. Nikaweka kidole gumba. Akasema mfumo hauna haraka kama mdomo. Utachukua wiki kadhaa, na mwezi uliopita hana uhakika kama utalipwa. Muindi akasema faini yangu ni kufyeka majani kuzunguka ofisi yake yote, na kwamba ana mipango ya kupanua kiwanja.

Nilimpata Nthenya kwake akiwa na kiondo chake. Nikaanza kueleza. Akaniacha nieleze mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanaa mwaitu, mwana wa mama yetu, nilijua siku ile ile." Ndolo alikuwa amempitia kabla mbuzi hawajamaliza kunywa maji, akamweleza kila neno.

Nikamuuliza mbona alinyamaza. Wiki nne! Angeweza kwenda ofisini mwenyewe siku iliyofuata!

Akasema alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Siku ile ya vikombe viwili vya maji alingoja. Siku ya mkebe alingoja. Akasema sukari alikuwa nayo nusu ya mfuko nyumbani. "Nilifikiria nikikuja kuomba, utaona haya, utasema." Akavuta uzi wa kiondo. "Lakini ulinipa chumvi."

Nililia. Niliketi mlangoni kwa dada yangu nikalia, mtu mzima, na akaendelea kusuka akiniachia nafasi. Baadaye akaniambia nikirudi nimwambie Rahab chumba cha magunia kina panya.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua imenyesha wiki mbili. Ndengu zimetoka. Nimefyeka robo tatu ya kiwanja cha Muindi na majani yameanza kuota tena nilipoanzia.

Leo nimempeleka Nthenya Kitui. Jina limerudi! Mwezi wa kumi umepotea, hakuna aliyejua la kufanya nao, lakini wa kumi na moja upo. Kilichobaki ni alama za vidole, wanaandikisha upya wote waliosimamishwa. Mtambo ukakataa. Kidole cha kwanza, hapana. Cha pili, hapana. Vyote kumi! Makonge yamevisugua miaka sitini, viko laini kama yai. Yvonne alijaribu mara nyingi hata akampaka mafuta. Mwisho akasema kuna njia moja. Mzee ambaye vidole vyake havisomeki anaweza kumtaja mtu mmoja anayemwamini awe mlezi wake, na huyo ndiye atakayekuwa akimpokelea pesa.

Niliangalia dirishani. Nilijua atamtaja Ndolo. Ni haki yake. Ndolo alilipa boda boda.

Nthenya akanitaja mimi.

Yvonne akaweka kalamu chini. Akamuuliza mama kama ana hakika. Nthenya akasema anayo. "Huyu akidanganya mimi najua siku ile ile. Ndolo akidanganya itanichukua mwaka."

Niliweka kidole. Mtambo ukanisoma mara moja, ukalia ti! Nikapokea pesa za dada yangu, nikazihesabu mbele yake, nikampa zote, sikubaki hata na sarafu. Tulipotoka akaninunulia chai na mandazi. Sikumbuki siku ambayo nimejisikia mwema kiasi hiki. Nimeapa. Nimeapa kwa kaburi la mama kwamba mipango imekwisha, na kwamba kuanzia leo mimi ni mtu wa kuaminika.

Jumamosi, 29 Novemba

Mtu wa kuaminika! Nimeamka na neno hilo.

Matinyani ina wazee wangapi ambao vidole vimekwisha? Kila mwanamke aliyesuka. Kila mwanamume aliyevunja mawe. Wote watahitaji mlezi mwaminifu wa kwenda Kitui kila mwezi. Mlezi huyo atatumia nauli, atapoteza siku, atasimama juani. Mia mbili kwa kila mzee si wizi, ni shukrani. Nimewaorodhesha sita kabla ya chai. Mzee Kimeu pekee ana miaka tisini na mmoja na hata barabara haioni.

Rahab ameniuliza kinachonichekesha peke yangu mezani ni nini. Nimemwambia naandika majuto.

Tatizo ni moja tu. Wazee hao walikuwepo barazani na walinisikia. Watataka mtu wa kunidhamini, mtu ambaye kijiji kizima kinajua hajawahi kusema uongo.

Kesho kanisa likitoka nitavuka korongo kwa Nthenya.